Mashine ya kwanza ya kuchomelea kwa kazi za nyumbani: ninunue ipi, na ampea ngapi zinatosha?

MjenziChanika

Habari za jioni wakuu.

Najenga taratibu huku Chanika. Nyumba imeshapauliwa, na kilichobaki kikubwa ni vyuma: grili za madirisha nane, geti dogo la uwani, banda la kuku la mita 3 kwa 4, na Mungu akijalia kivuli cha gari baadaye. Nilichukua makadirio kwa mafundi watatu, tukakaa na mke wangu tukapiga mahesabu, tukaona kwa wingi wa kazi hii ni bora ninunue mashine nijifunze. Haraka sina. Umeme wa majumbani niliusomea zamani kwa hiyo nyaya nazijua, ila kuchomelea sijawahi kugusa.

Jumamosi nimezunguka Kariakoo duka hadi duka. Bajeti ya mashine peke yake ni laki nne. Duka la kwanza nimeonyeshwa kimashine cha kuning'iniza begani kimeandikwa 300, na bei yake iko chini ya kingine kilichoandikwa 160. Duka la pili wakanambia inveta (zile ndogo nyepesi za kielektroniki) ni za kuchezea, ninunue ya koili (ile nzito yenye transfoma). La tatu wakasema siku hizi kila mtu yuko kwenye mashine ya waya.

Umeme wangu ni LUKU, fezi moja, na ikifika saa mbili usiku taa zinafifia. Paipu nitakazotumia ni za mraba, nyingi inchi moja, unene milimita 1.2 na 1.5, pamoja na nondo za milimita 12 na flatibaa. Kazi zote nitafanyia uwani, hakuna karakana.

Naomba ushauri wa wanaoijua kazi.

FundiGerezani

Karibu mkuu. Nashukuru umetaja unene wa chuma na hali ya umeme wako, maana wengi wanakuja na swali la "mashine gani nzuri" bila kusema watachomelea nini.

Nianze na hicho kimashine cha 300. Namba iliyopakwa rangi mbele ya mashine isikuongoze. Chukua kalamu. Kuna kiwango cha kimataifa cha kupima mashine hizi, IEC 60974-1, nacho kinahesabu volti za moto wa rodi (kile kijiti chenye dawa kinachoyeyuka na kuunga chuma) hivi: 20, jumlisha ampea mara 0.04. Mashine ikitoa ampea 300 za kweli, volti zake ni 32, na nguvu yake ni 300 mara 32, wati 9,600. Gawa kwa volti 230 za ukutani, unapata karibu ampea 42, na hapo nimejifanya mashine haipotezi hata wati moja, jambo ambalo haliwezekani. Plagi ya pini tatu unayochomekea pasi ina fyuzi ya ampea 13, mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Sasa hicho kimashine chenye waya mwembamba na plagi ya pasi kitazitoa wapi hizo 300?

Mashine za namna hiyo nimezifungua nyingi mezani kwangu. Nyingine ukizipima zinafika 120 zikiwa zinahema. Zinachomelea, sikatai, lakini ulichoambiwa unanunua siyo ulichobeba.

Geuza hesabu upande wako sasa. Rodi ya milimita 2.5, ile dukani wanaiita geji 12, inataka ampea 60 hadi 90. Ukiwa kwenye 80, volti ni 23.2, nguvu ni wati 1,856. Inveta ndogo zinavuta umeme kwa mikupuo, kwa hiyo ukutani utaona kitu cha ampea 12 hadi 14. Kwa paipu za 1.2 utashuka hadi rodi ya milimita 2.0 kwenye ampea 40 hadi 60. Kazi zako zote ulizotaja, hata geti, hazikufikishi ampea 130. Inveta ya 160 ya kweli inakutosha na inabaki.

Dukani geuza mashine nyuma au ubavuni, utafute kibao cha maelezo. Kisiwepo, rudisha. Kikiwepo tafuta herufi X. Hiyo ni asilimia ya muda wa kazi ndani ya dakika 10, ikipimwa kwenye joto la nyuzi 40. Ukiona 160 A chini ya X 30%, maana yake kwenye 160 unachomelea dakika tatu, inapumzika saba. Chini yake utaona ampea za 60% na 100%, na hizo ndizo zinazokuambia tabia ya mashine. Ile inayoshika ampea 90 hivi kwenye 100% itakuvumilia na rodi ya 2.5 kutwa nzima. Halafu tazama I1max na I1eff, ndiyo ampea inazovuta ukutani. Hizo zikiwa ndogo mno ukilinganisha na inachodai kutoa, hesabu imeshaikamata.

Pia tafuta herufi S ndani ya kisanduku cha mraba. Inamaanisha mashine imeruhusiwa sehemu zenye hatari zaidi ya umeme, kama kwenye unyevu au ukiwa umezungukwa na chuma. Uwani kwa mtu ni hapo hapo.

BabaWawili

Mimi natetea koili. Yangu niliirithi kwa mzee, ina miaka zaidi ya ishirini, haijawahi kufunguliwa. Inveta ikiingia mjusi ndani, kwaheri.

FundiGerezani

@BabaWawili heshima kwako mkuu, na la mjusi ni kweli kabisa. Nimetoa mijusi, mchwa na viota vya nyigu ndani ya inveta zilizowekwa stoo. Koili ya shaba ni mashine ya kuzikana, na mafundi wengi wa hapa mjini tumejifunzia humo.

Ila mtazame mwenzetu. Umeme wake jioni unashuka. Koili haina cha kurekebisha: volti zikishuka ukutani, moto nao unashuka, rodi inaganda kwenye chuma, mtu anayejifunza anadhani mkono wake ndio mbovu. Koili nyingi zinatoa umeme wa kupishana, na kwenye paipu ya 1.2 moto huo ni mgumu kuushika. Inveta inatoa umeme wa upande mmoja, moto umetulia, na nyingi zina kinga ya kutoganda. Halafu uzito: koili ya 160 inapita kilo 20 kwa urahisi, inveta ni kilo nne au tano. Anapanda nayo ngazi hadi kwenye grili ya dirisha.

Kingine, koili nyingi zinazouzwa sasa zimesukwa kwa alumini. Ile ya mzee wako usiiuze.

DadaVyuma

Habari wakuu. Nilisoma kozi ya kuchomelea VETA, sasa nina karakana ndogo Morogoro, natumia za rodi na za waya zote mbili, kwa hiyo nigusie la waya.

Mashine ya waya ni tamu. Unabonyeza, waya unatoka wenyewe badala ya rodi, unasogea, hakuna mavi ya chuma (lile ganda linalobaki juu ya mshono) ya kugonga, na paipu nyembamba inakubali haraka. Mtu anaweza kutoa mshono wa kuridhisha siku ya kwanza. Lakini waya wa kawaida unahitaji gesi, ya kaboni dayoksaidi au iliyochanganywa na agoni. Hapo kuna mtungi, kuna mita ya gesi, kuna safari ya kujaza. Na uwani upepo unaipeperusha gesi, mshono unatoka na matundu kama sponji. Banda la kuku huwezi kulijengea ndani.

Kuna waya wenye dawa ndani, hauhitaji gesi, na upepo hauusumbui sana. Huo unafaa uwani, ila angalia mambo mawili. Kwanza, pande za nyaya zinageuzwa: bunduki (mpini unaotoa waya) inakwenda hasi na klampu ya kushika chuma chanya. Mashine isiyoruhusu kugeuza haikufai kwa waya huo, na wauzaji wengi hawaulizwi swali hili. Pili, waya huo ni ghali kuliko rodi na haupo kila duka la vifaa vya ujenzi. Rodi za 6013, zile za kawaida, utazikuta hata huko Chanika.

Kwa laki nne, rodi. Ukishaumudu mkono wa rodi, waya utakuwa mteremko.

Namuunga mkono fundi, ila naongeza: usimalize pesa kwenye mashine. Wanafunzi wenzangu wengi walikuwa na mashine ya maana na miwani ya jua usoni.

MjenziChanika

Asanteni sana. Nimekwenda leo na kalamu kweli. Kile cha 300 hakina kibao chochote, kina stika ya mbele tu. Cha 160 kina kibao: X 60% kwenye 160, na 124 kwenye 100%. I1eff imeandikwa 25. Kuna alama ya S. Nyuma imeandikwa IP21S. Hii ina maana gani, na naweza kuitumia na plagi ya kawaida?

FundiGerezani

Hiyo ni mashine ya kueleweka. IP21 maana yake kidole hakiingii ndani na inavumilia matone yanayodondoka wima. Mvua ya upepo, hapana. Wingu likifunga, ingiza ndani kabla hujamalizia mshono.

Plagi: kwa rodi ya 2.5 ukichomelea kidogo kidogo, fyuzi ya 13 itavumilia, lakini plagi itapata joto na baada ya muda soketi itaungua. Wewe umesomea umeme, jitengenezee njia yake. Kebo ya milimita 4 za mraba kutoka kwenye bodi, breka ya 32, soketi ya bluu ya viwandani, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Ethi ya nyumba uipime.

Usitumie ekstensheni nyembamba. Kebo ya shaba ya 1.5 yenye mita 30, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa karibu omu 0.73. Ukivuta ampea 15 umepoteza volti 11 njiani, juu ya zile ulizokwisha kupoteza jioni. Ya 2.5 inapoteza kama 7. Na uikunjue yote chini. Ikiachwa imezungushwa kwenye gurudumu lake inajipika.

Chomelea asubuhi. Saa mbili usiku waachie majirani umeme wao.

MkaaziWaLikoni

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, na huku pwani tuna taabu moja ambayo sijaona imetajwa: unyevu. Nilinunua rodi paketi ya kilo tano, nikaifungua, nikaiacha kwenye kibanda cha mabati. Baada ya mwezi moto ukawa unapasuka pasuka na mshono una vitundu. Nikadhani mashine imekufa. Fundi mmoja wa jua kali akaniambia nizianike rodi kwenye oveni, zikarudi sawa siku hiyo hiyo.

DadaVyuma

Kaka wa Likoni umesema jambo kubwa. Za 6013 zikipata unyevu, nyuzi 100 hadi 120 kwa saa moja zinarudi. Kisha zikae kwenye bomba la plastiki lenye mfuniko pande zote. Nunua paketi ndogo mwanzoni.

Na mtu asikushawishi kununua rodi za 7018 kwa sababu "ni ngumu zaidi". Ni kweli zina nguvu kubwa, lakini zinataka kukaushwa kwenye nyuzi 300 na kuendelea, na hazisamehe mkono mchanga. Grili za madirisha hazihitaji hayo. Ile 60 ya mwanzo kwenye 6013 ni nguvu ya kuvutwa, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Kwa grili zako hiyo inatosha.

MjenziChanika

Nimeinunua ile ya 160. Nimebakiwa na laki moja na ushee. Miwani nyeusi nimeona Kariakoo kwa bei ndogo sana. Inafaa kuanzia?

FundiGerezani

Hapana mkuu, na hapa niruhusu nizungumze kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na saba, tukishikiza geti kwa kufumba macho. Jioni hakuna kitu, unakula, unalala. Saa nane usiku unaamka, macho kama yamemwagiwa mchanga wa moto, machozi hayakatiki, huwezi kutazama hata mwanga wa simu. Ndivyo mionzi ya moto ule inavyofanya, inachelewa kwa saa sita hadi kumi na mbili, ndiyo maana mtu haunganishi sababu na maumivu. Tuliwekeana vipande vya viazi machoni. Mwenzangu mmoja niliyeanza naye leo hasomi gazeti bila kuliweka puani. Miwani ya jua inapunguza mwanga lakini haikingi mionzi ya moto ule, na uso wote uko wazi.

Nunua kofia kamili yenye kioo namba 10, au 9 ukiwa kwenye paipu nyembamba. Ukiweza, ile inayojifunga yenyewe, kwa sababu mwanafunzi akiwa na ile ya kioo cha kudumu anapoteza mahali pa kuanzia na anainua kofia kila mara. Ijaribu dukani kwa kuiwashia kiberiti cha gesi karibu na vihisio vyake, uone kioo kinageuka. Kinga ya mionzi iko kwenye kioo hata kabla hakijawa cheusi, mradi kofia ni ya kweli.

Glavu za ngozi ndefu, shati la pamba la mikono mirefu, viatu vya kufunika. Nailoni inayeyukia kwenye ngozi. Weka turubai upande wa majirani, watoto wanavutwa na mwanga ule na hawana kofia.

Na grenda. Kwa hesabu ya miaka yangu, grenda imeumiza watu wengi kuliko mashine. Kinga yake isitolewe. Usifunge diski ya inchi tisa kwenye grenda ndogo: diski hiyo mwisho wake ni mizunguko kama 6,600 kwa dakika, grenda ya inchi nne na nusu inazunguka 11,000. Inapasuka usoni. Vumbi lake la chuma nalo lisielekee kwenye mashine, feni inalivuta ndani na linatua kwenye sakiti.

MamaKuku

Samahani mafundi, naona mwenzetu anajenga banda. Mume wangu alitengeneza la kwetu kwa mabomba ya maji ya zamani, yale meupe yenye zinki. Usiku akapata homa na kutetemeka kama malaria, hospitali wakapima hakuna kitu, kesho yake mchana akawa mzima. Watu wakasema angekunywa maziwa. Ni kweli?

DadaVyuma

Pole sana dada. Hiyo ni homa ya moshi wa zinki. Inaanza saa chache baada ya kazi na huisha ndani ya siku moja au mbili. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu, havikutani. Dawa ni kuondoa zinki kwa grenda hadi chuma kionekane, sentimita tatu kila upande wa mshono, kuvaa barakoa ya chembechembe, na kukaa upande upepo unakotoka. Akikohoa sana au akibanwa kifua, arudi hospitali, asisubiri.

Hata moshi wa chuma cha kawaida si wa kudharau. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2017 liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Usiinamie mshono, kichwa kiwe pembeni.

MjenziChanika

Wakuu narudi baada ya wiki tatu. Kofia ya kujifunga nimepata, glavu, grenda na kebo ya milimita 4. Wiki ya kwanza nilichomelea vipande tu, kila asubuhi nusu saa kabla ya kazini. Paipu za 1.2 zilinitoboka kumi na tatu, nilihesabu.

Kilichonisaidia ni maneno ya fundi kwenye simu: ncha ya rodi ikae karibu, nafasi isizidi unene wa rodi yenyewe, na nisikilize. Ikiwa sawa inalia kama mihogo ikikaangwa. Ikipiga kelele za kupasuka niko mbali. Na kwenye paipu nyembamba nisikokote, nipige nukta, nisubiri wekundu ufifie, nipige nyingine juu ya nusu ya ile ya kwanza. Holda (kishikio cha rodi) nimeihamishia hasi kwa paipu nyembamba, kutoboka kumepungua sana.

Banda limesimama. Grili mbili zimekamilika, ila ya kwanza ilijikunja, pembe moja imeinuka karibu sentimita.

FundiGerezani

Hongera sana mkuu, nimefurahi kweli. Kujikunja ni kwa sababu umemaliza pembe moja kabla ya nyingine. Shikiza pembe zote nne kwanza, pima mishazari miwili ilingane, kisha chomelea pembe moja na uhamie inayoitazama kimshazari. Iache ipoe yenyewe, usimwagie maji.

MjenziChanika

Nimeelewa. Swali la mwisho kwa leo: mke wangu anataka mnara wa tenki la lita 1,000, mita tatu juu. Chuma ninacho. Nianze?

FundiGerezani

Bado. Lita 1,000 ni tani nzima juu ya vichwa vya watoto wako, na mshono unaweza kupendeza kwa juu huku ndani haujashika. Fanya hivi kwanza. Chukua vipande viwili vya chuma cha pembe cha milimita 5, viunge umbo la T, upande mmoja tu, kwa rodi ya 3.2 kwenye ampea 115. Kikipoa kibane kwenye vaisi, kipige nyundo kikilalia upande wa mshono hadi kipasuke. Kikivunjika katikati ya mshono na ukaona mavi ya chuma ndani, au kikibanduka na kuacha chuma cha chini kikiwa laini hakijaumwa, mnara umpe fundi na wewe umshikie. Weka picha ya mpasuko hapa, tuutazame pamoja.